Msituambie kuna akiba kama hamjawahi kuifungua

Wakaaji wa Butembo na Beni, na ninyi jamaa mliotoka Kanyabayonga, Kirumba, Manguredjipa, Eringeti na vijiji vingine ambavyo usiku mmoja vilibaki bila watu: leo siandiki juu ya barabara wala juu ya bei ya fufu sokoni. Naandika juu ya kompyuta. Tafadhali msiondoke. Habari hii inahusu majina yenu, na ninaomba anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Kila familia iliyofika hapa kwa kukimbia vita imeandikwa mahali fulani. Jina la mkubwa wa nyumba, idadi ya watoto, kijiji mlichotoka, kartiye mnamolala sasa, mara nyingi na picha. Mkapewa jetoni au karatasi yenye namba. Kisha daftari likapelekwa ofisini, kijana akakaa mbele ya kompyuta akaingiza kila kitu. Tangu siku hiyo, siku ya kugawa unga, bashi au daftari za watoto, wanaangalia ndani ya kompyuta. Ukiwa ndani, umekuja. Usipokuwa ndani, unaanza kuapa mbele ya watu kwamba wewe ni wewe.

Mashirika makubwa ya ulimwengu yana mifumo yao. PAM, kwa mfano, ina mfumo uitwao SCOPE, na una mafundi wake mbali na hapa. Leo siwagusi hao. Nasema na ofisi zetu wenyewe: mashirika ya wenyeji, maparokia, vituo vya afya, kooperative, shule zinazopokea watoto waliohama. Hizi ndizo zinazoandika watu wa kwanza, kabla mgeni yeyote hajafika na gari lenye bendera, na mara nyingi orodha yao ndiyo orodha pekee iliyopo.

Nimeingia katika ofisi kadhaa za namna hii. Sitaitaja hata moja. Picha ni ileile. Kuna kompyuta kubwa inayoitwa seva, ambayo iliachwa na mradi uliokwisha. Pembeni yake, mara nyingine juu ya meza hiyohiyo, kuna kompyuta ya kawaida ya mezani, ile ambayo zamani sekretari aliandikia barua, na juu yake wamebandika karatasi: SEVA YA AKIBA. Ukiuliza ndani yake kuna nini, utaambiwa kuna SQL Server Express, toleo la bure la programu ya Microsoft ya kutunza hifadhidata, yaani lile ghala ambamo majina yamepangwa. Mfadhili akija, anaoneshwa karatasi ile, anapiga picha, na katika ripoti inaandikwa kwamba data za wakimbizi wa ndani ziko salama.

Hilo ndilo ninalolipinga, na ninalipinga kwa nguvu.

Kwanza niseme kweli juu ya toleo lenyewe, maana silisingizii. Si takataka. Ni programu nzuri, haina deni, duka la dawa linaweza kulitumia miaka kumi bila shida. Lakini aliyelitengeneza ameliwekea mipaka kwa makusudi, na hakuificha. Tangu mwaka 2010 hadi toleo la 2022, hifadhidata moja haiwezi kupita giga 10. Hata ukinunua mashine yenye kumbukumbu kubwa namna gani, sehemu inayotumiwa kushikilia data ni giga 1 na nusu hivi tu. Haitumii zaidi ya viini 4 vya kichwa cha mashine. Na ile sehemu ya programu ambayo katika matoleo ya kulipia hupanga kazi zenyewe kila usiku, ikiwemo kutoa nakala, humu haimo. Fundi lazima apange kwa njia nyingine, kwa kutumia saa ya kazi ya Windows, au akumbuke kwa kichwa. Akienda matanga kijijini, nakala nayo inakwenda matanga.

Sasa fikirini. Seva kubwa, ile ya mradi, mara nyingi ina toleo la kulipia ambalo mfadhili alilinunua. Haina mpaka huo wa giga 10. Inajaa taratibu: giga 6, giga 9, giga 13. Kila jioni inatoa nakala, na faili la nakala linapelekwa kwenye kompyuta ya sekretari na kulala pale kwa amani. Faili halilalamiki, kwa sababu kunakili faili si sawa na kulifungua. Mwezi unapita, mwaka unapita, kila mtu anaona faili jipya lenye tarehe ya jana na anakwenda nyumbani na moyo mweupe.

Siku seva kubwa inapoibiwa, inapoungua, au umeme unapoikata katikati ya kazi na diski inakufa, ndipo mtu anasema: tufungue akiba. Na toleo la bure linajibu kwa sentensi moja ya kiingereza kwamba ukubwa umepita kiasi kinachoruhusiwa. Basi. Haifungui nusu. Haikupi hata giga 10 za kwanza. Inakataa yote. Nakala ipo, ni nzima, unaiona kwa macho, na huwezi kuisoma. Ni kama kuweka magunia ya mahindi katika ghala ambalo mlango wake unajua kuingiza tu.

Na kuna mtego wa ndani zaidi ambao hata mafundi wengine hawaujui. Programu haihesabu majina yaliyomo. Inahesabu ukubwa wa faili lililotengwa. Hifadhidata inaweza kuwa na giga 6 za data halisi, lakini kama zamani mtu alitenga faili la giga 12 ili lisijae haraka, toleo la bure litakataa vilevile. Tena kuna mtego wa umri: nakala iliyotolewa na toleo la 2019 haifunguki katika toleo la 2017. Seva inafanyiwa mabadiliko na fundi aliyeletwa kutoka mbali, kompyuta ya sekretari inabaki na toleo lake la zamani, na tangu siku hiyo nakala zote zinazoingia pale ni mizigo isiyo na mwenyewe. Hakuna kengele inayolia.

Wengine watasema: majina ya watu hayawezi kujaza giga 10. Kweli kabisa, majina peke yake hayawezi. Chukueni familia 10,000 zenye watu sita sita. Hao ni watu 60,000. Maandishi ya mtu mmoja, jina, umri, kijiji, namba ya jetoni, ni kilobaiti 1 hivi. Wote pamoja ni mega 60, inaingia katika simu ya mtoto na nafasi inabaki. Lakini mtu akiamua kuweka picha ya kila mmoja ndani ya hifadhidata, kilobaiti 150 kwa picha, tayari mmefika giga 9. Ongeza alama za vidole, ongeza picha za karatasi za kupigia kura zilizopigwa kwa simu, ongeza kumbukumbu ya kila mgao, na mpaka umevukwa bila mtu yeyote kuona. Na mpaka ule unapovukwa kwenye mashine ambayo yenyewe ndiyo seva ya kazi, mambo ni mabaya zaidi: inaacha kupokea watu wapya. Waliofika Januari wamo. Waliofika Machi wanaambiwa mashine imegoma, rudini wiki ijayo.

Msidhani ni sisi wa Kivu tu. Mwaka 2020, Uingereza, nchi yenye pesa na wataalamu, ofisi yao ya afya ilikuwa inakusanya matokeo ya korona katika faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo haziwezi kushika zaidi ya mistari 65,536. Mistari ilipokwisha, wagonjwa waliozidi walianguka nje kimyakimya. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa, na waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati. Sisi tuliopita katika Ebola, kutoka Mangina Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, hatuhitaji kuelezwa orodha ya waliokutana na mgonjwa ni kitu gani. Siku 21 za kufuatwa, na jina moja likipotea ni nyumba nyingine inayolia.

Na hatuhitaji kuelezwa pia maana ya kuachwa nje ya orodha. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi nzima ilipiga kura ya rais, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi. Zetu ziliahirishwa hadi Machi 2019, na rais alikwisha kuapishwa Januari. Watu wa Beni walijipanga mistari siku ileile wakapiga kura yao ya mfano, ili ionekane kwamba wapo. Kwa hiyo mtu wa ofisi asituambie kwamba jina kwenye orodha ni jambo dogo la kiufundi.

Sasa nataka kujibu wale wanaotetea ile kompyuta ya sekretari, maana nimewasikia na hoja zao si za kijinga zote.

Wanasema: bora hiyo kuliko kukosa kabisa. Nakataa. Mtu anayejua hana akiba anaishi kwa woga, na woga unamfanya achapishe orodha kwenye karatasi, anakili kwenye flashi, apeleke nakala kwa paroko. Mtu anayedhani anayo akiba halafi hivyo. Karatasi ile ya SEVA YA AKIBA inaua uangalifu. Mtu anayeibandika bila kujaribu amewaondolea wengine woga ambao ungewaokoa.

Wanasema pia: hatuna pesa za toleo kubwa. Hapo wana haki nusu. Leseni ya kulipia inaweza kufika maelfu ya dola, na mimi sitaki maelfu ya dola yaende huko wakati watoto wanalala juu ya majani. Lakini ni nani aliyesema dawa ni kununua? PostgreSQL ni ya bure na haina mpaka huo wa giga 10. Mfumo wa DHIS2, ambao wizara yetu ya afya inautumia kukusanya takwimu za vituo vya afya nchi nzima, umejengwa juu ya PostgreSQL hiyohiyo. Ikiwa orodha mnaianza leo, anzeni huko. Ikiwa programu yenu ilikwisha andikwa kwa SQL Server na kuihamisha ni kazi ya miezi, basi toeni picha nje ya hifadhidata. Ziwekwe katika folda, kila picha na namba ya jetoni, na ndani ya hifadhidata libaki jina la faili tu. Giga 13 zinarudi kuwa mega mia chache, na toleo la bure linazibeba bila kulalamika. Folda nayo inakiliwe, msiisahau. Kazi hiyo ni ya siku chache kwa kijana aliyemaliza informatika hapahapa mjini, na tunao wengi wanaoendesha taxi-moto.

Kuna wanaofanya ujanja mwingine: wanaweka toleo la majaribio, lile lenye kila kitu, ambalo linadumu siku 180 kisha linasimama. Siku ya 181 ndiyo utakayoihitaji. Na kuna wanaosema toleo jipya la 2025 limepandisha mpaka hadi giga 50. Ni kweli, na ni habari njema kwa maskini. Lakini kumbukeni mtego wa umri: mkihamisha mashine moja tu kwenda 2025, nyingine haitaweza kufungua nakala zake. Zihamishwe zote mbili, na zijaribiwe.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikasirisha. Wanasema haya ni mambo ya fundi, mkimbizi hayamhusu. Yanamhusu nani basi? Fundi ana mshahara, orodha ikipotea yeye bado atakula. Chukua mama aliyetoka Kirumba na watoto watano, jetoni yake ililoa mvua au ilichukuliwa njiani. Ushahidi pekee kwamba alikuwa wa kwanza kufika, kwamba ana watoto watano wala si wawili, uko ndani ya mashine ile. Orodha ikifutika, inaandikwa upya, na kila mtu anajua orodha ikiandikwa upya ni nani wanaoingia kwanza: ndugu wa mwandikaji, na wale wenye sauti kubwa.

Halafu kuna hili la mahali. Akiba iliyo kwenye meza moja na seva inashiriki naye moto uleule, mwizi yuleyule, radi ileile. Machi 2021, jengo la kampuni kubwa ya OVH liliungua kule Strasbourg, Ufaransa, na wateja walioweka nakala zao katika majengo ya palepale walipoteza vyote viwili usiku mmoja. Sisi tunayo mifano ya karibu na ya uchungu zaidi. Kwa miaka mingi kila kitu cha jimbo kilikuwa Goma, na shirika lenye busara lilidhani kwamba nakala iliyo Goma ni nakala salama. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabanki yakafunga milango, serikali ya jimbo ikahamia hapa Beni. Faili lililokuwa Goma huenda lipo mpaka leo, lakini liko ng'ambo ya mstari wa vita.

Kwa hiyo Butembo iweke nakala Beni, na Beni iweke Butembo, hatua ya kwanza. Ni kilometa hamsini na kitu. Diski mbili za nje zinazobadilishana kila wiki zinatosha, na hazihitaji intaneti. Nakala ya tatu ikae mbali zaidi, Bunia au ng'ambo ya Kasindi, kwa sababu sisi wenyewe tumeona jinsi barabara ya Beni kwenda Butembo inavyoweza kufungwa kwa siku kadhaa.

Lakini diski inayosafiri ni hatari nyingine, na hapa naomba ofisi zinisikie vizuri. Orodha ya waliokimbia, pamoja na kijiji walichotoka na kartiye wanamolala, ni karatasi ya kifo ikifika mikononi mwa watu wenye silaha. Novemba 2025, kule Byambwe katika teritware ya Lubero, ADF waliua wagonjwa katika kituo cha afya. Hao hawaheshimu kitanda, wataheshimu diski? Diski yoyote inayotoka ofisini ifungwe kwa ufunguo wa siri, ili anayeiokota barabarani aone takataka tupu, na ufunguo usisafiri pamoja na diski. Hata Msalaba Mwekundu, Januari 2022, uligundua kwamba mashine zake ziliingiliwa, na data za watu zaidi ya 515,000, wengi wao waliotenganishwa na familia zao kwa vita, zikafikiwa na wasiohusika. Kompyuta ya sekretari ambayo kila mwanafunzi wa stage anaijua neno lake la siri haina kinga hata robo ya ile. Nchi yetu ina Kodi ya Numeriki tangu Machi 2023, na inamtaka anayeshika data za watu azilinde. Sijui ni ofisi ngapi za hapa zimeifungua sheria ile, lakini kutoifungua hakumwondolei mtu wajibu.

Natarajia simu za hasira baada ya habari hii. Wengine watasema nawaharibia sifa mbele ya wafadhili. Mfadhili anayetoa pesa za mafuta ya gari na kukataa diski mbili za nje naye aulizwe. Katika bajeti nyingi nilizooneshwa, mstari wa kutunza data ulikuwa haupo kabisa, na mstari wa semina ulikuwa na kurasa mbili.

Ninyi wa kamati za waliohama, katika mkutano ujao na ofisi iliyowaandika, msiulize kama kuna akiba. Mtajibiwa ndiyo. Ulizeni: ni lini mara ya mwisho mlizima seva kubwa, mkaifungua nakala katika ile mashine nyingine, mkatafuta jina mkaliona? Waombeni wafanye mbele yenu. Chagueni majina matatu: la aliyefika wa kwanza, la aliyefika wiki iliyopita, na la mtoto aliyezaliwa hapa. Kazi yote haifiki nusu siku, na jenereta ya ofisi inaweza kuvumilia muda huo.

Ofisi yoyote ya Butembo au Beni itakayokubali kufanya jaribio hilo mbele ya kamati, mimi nitafika, nitakaa nyuma, na nitaandika nilichokiona, iwe nakala imefunguka au imekataa.